Chini ya Godoro la Hajja

Katika nyumba ile ya mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh, hapakuwa na mahali salama kama chini ya godoro la Hajja, na ndipo Velma, mtumishi wa ndani, alipouficha ufunguo wa mlango mkubwa.

Aliuokota mfukoni mwa kanzu ya bosi alipokuwa akifua. Madam alimpekua mpaka kwenye nywele, akapindua begi lake, akamnyima chakula. Godoro la Hajja, mama mkwe wake, hakuligusa, maana kazi ya kumgeuza bibi kizee yule ilikuwa ya Velma peke yake.

Hajja aliletwa Riyadh akiwa mwari, kutoka ng'ambo. Tangu kiharusi kimpate hakumtamkia mtu neno, hata mwanawe. Velma naye, aliyenyang'anywa simu na kufungiwa ndani kama kuku wa mayai, akamfanya shoga. Alimsomea riwaya ya Kikorea aliyorushiwa juu ya ukuta wa ua na Naftali, dereva wa jirani, Mkenya mwenzake. Ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiingereza, naye akiigeuza Kiswahili palepale, kwa kujiliwaza tu: mjane alifungua kibanda cha supu, na kila aliyetupwa na dunia alipata hapo bakuli na ndugu. Penye huzuni Hajja alitokwa na machozi. Velma alidhani ni macho ya uzee.

"Ijumaa nasepa, Hajja," alimwambia siku moja akimlisha. "Wakienda shamba, Naf ananipeleka Batha, napanda basi hadi Jeddah kwa siz yangu Fridah. Naanza upya, kama huyu mama wa supu. We nitunzie tu ufunguo."

Hajja akaukamata mkono wake, hataki kuuachia. Velma alimwonea huruma, akamfuta kinywa.

Ijumaa, kabla ya safari, bosi aliingia kumbusu mama yake kipajini, akakawia kutoka. Kisha mlango ukafungwa kwa nje na gari likaondoka. Nyuma ya ukuta Naftali akapiga mluzi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Velma akainama, akapitisha mkono chini ya godoro. Akapitisha tena. Akamgeuza Hajja, akang'oa shuka, jasho likimtiririka. Mluzi ukalia mara ya pili, halafu gari la Naftali nalo likaenda zake.

"Ufunguo nimempa mwanangu," ikasema sauti kavu pale kitandani, kwa Kiswahili cha Mombasa. "Keti, mama, unisomee. Kitabu hakijesha."