Ubavu wa Antena

Picha iliganda mahali pale pale, nyuma ya kisiwa cha mawe, mtumbwi ukiwa umeanza tu kuonekana. Revocatus aliitikisa rimoti kama redio mbovu. Haikusaidia. Droni ikageuka yenyewe kurudi, na boti ya doria ilipofika kisiwani haikumkuta mtu wala wavu. Maji matupu.

Waliokuwa wakiwindwa ni wavuta kokoro, wavu haramu unaokomba hata vifaranga vya samaki. Revocatus, katibu wa kikundi cha ulinzi wa mwalo, ufukwe wanakoshushia samaki, ndiye aliyekabidhiwa droni ili awanase, na alitembea nayo kifua mbele. Lakini sasa wenzake walikuwa wameanza kunong'ona. Mbona wavuvi huondoka kila mara kabla ya boti? Nani anawatonya? Mwenyekiti alimwambia bila kumung'unya maneno: wakitoroka tena, arudishe droni na ukatibu wenyewe.

Revocatus hakuhitaji kupiga ramli. Ndani ya kikundi, saa za kurusha walizijua watu wawili: yeye na Muhidin, mpiga picha wa harusi aliyemfundisha kuishika rimoti. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Hata hivyo alisimama kwenye kikao akamtaja. Muhidin akafukuzwa. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Mimi, Revo? Haya, kaka. Ila picha inakukatikia kwa sababu unaielekezea droni ncha za antena. Mawimbi yanatoka ubavuni. Ziweke ubavu uitazame. Halafu usirushie hapo ofisini, kuna waifai na mabati kibao. Panda jiwe refu, pasiwe na kitu kati yako na droni."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu amekuuza, halafu bado anakupa somo!

Jioni alimmiminia mkewe yote.

"Muhidin, Evelina! Yule aliyesimamia harusi yetu!"

"Binadamu hawatabiriki," Evelina alisema, akimsogezea sahani. "Kula kwanza."

Revocatus aliitazama sahani. "Sato gani hawa? Wametoroka chekechea?"

"Ndio waliopo sokoni, baba Rose. Tangu kaka Ngosha aache uvuvi akalime mpunga Misungwi, wakubwa ataniletea nani?"

Aliwala wote, akalamba na vidole.

"Kesho narusha tena," alisema. "Safari hii simwambii mtu yeyote kwenye kikundi. Nione nani ataniuza."

"Hapo umefanya la maana," Evelina alisema. Akazichukua betri za droni akazichomeka kwenye chaji, kama alivyomfanyia kila mara.

Asubuhi Revocatus alitoka mapema kuliko kawaida. Alimwacha mkewe uani, ameinamia beseni.

"Hiyo kanga itakwisha kwa kufuliwa," alimtania.

"Si wewe uliyeninunulia? Acha ing'ae."

Aliwaambia watu wa boti wakae tayari mwaloni, bila kuwaeleza sababu. Kisha akapanda jiwe refu lililo juu ya mwalo, mbali na mabati, akihema na kumlaani Muhidin kila alipoteleza. Alipofika juu alijikuta anafanya yote aliyoambiwa. Alizilaza antena ubavu ukaielekea droni, na kila droni ilipogeuka, naye akageuka nayo.

Aliipandisha juu sana, ikakipita kisiwa, ikaendelea upande wa Sengerema. Huko akaigeuza, ili iwajie wavuvi kutokea nyuma, kamera ikiangalia Mwanza. Alisubiri picha igande. Haikuganda. Ilikuwa safi kama anatazama dirishani, na Revocatus akaona aibu kidogo. Msaliti gani huyu anayefundisha kweli?

Mtumbwi huo hapo. Wanaume wameshika kamba, kokoro limejaa, linavutwa. Revocatus alipuliza filimbi kwa nguvu zake zote, na chini yake boti ya doria ikanguruma. Leo ni leo. Kesho angesimama kwenye kikao hicho hicho, na hakuna ambaye angethubutu kumtazama vibaya.

Ghafla wale wanaume wakaacha kuvuta.

Boti ilikuwa bado mbali, imefichwa na kisiwa. Droni ilikuwa juu mno kusikika, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuitafuta. Wote walikuwa wakitazama nchi kavu, sehemu moja, kule mlimani. Mmoja aliyevaa kofia ya pama alisimama mbele ya mtumbwi akanyoosha kidole, na wenzake wakaanza kukata kamba.

Revocatus aliivuta picha karibu. Chini ya pama ile alimwona Ngosha, shemeji yake, mkulima wa mpunga wa Misungwi.

Polepole aliinua kamera kukifuata kidole cha shemeji yake. Ikayavuka maji, ikaupita ufukwe, ikapanda katikati ya mawe na nyumba, hadi kwenye bati la bluu alilolipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe Krismasi iliyopita.

Uani, kwenye kamba ya nguo, ilikuwapo kanga moja tu, nyekundu, na Evelina alikuwa akiinyoosha pembe zake ili ionekane vizuri kutoka ziwani.

Kwa mara ya kwanza Revocatus aliomba picha igande.