Jiwe la Kulamba

Mfugaji Masanja aliweka juu ya meza ya duka la Mama Tunu jiwe jekundu la madini, lililolambwa na ng'ombe likabonyea katikati.

"Nipatie jingine kama hili, Mama Tunu. Ng'ombe wangu alidhoofu, maskini, akalilamba mpaka siku anakufa. Sasa ndama wake hataki jingine."

Ndani ya jiwe hilo hamkuwa na madini; Mama Tunu alikuwa ameufinyanga mwenyewe udongo wa nyuma ya duka, akautia chumvi ya jikoni.

"Yamekwisha, baba."

Masanja alishukuru, akaliacha jiwe mezani, akamswaga ndama wake aliyekuwa nje wakaenda zao. Mama Tunu alifunga mlango, akakaa na jiwe mapajani. Ndipo aliposikia, kule nyuma alikochimba udongo, ulimi mpana, usio wa ndama, ukiparuza ukuta taratibu.