Sikio la Wafadhili Jikoni

Siku hizi anayeomba fedha za utafiti wa pamoja na nchi za nje hufungiwa sikio jikoni kwa mwezi mzima: kifaa kinachosikiliza mazungumzo ya nyumbani na kuyapa alama. Asiyeelewana na watu wa nyumbani kwake, wanasema wafadhili, ataelewana vipi na wataalamu wa Peru?

Daktari Sekela, mtafiti wa kilimo, alitaka kushirikiana nao kuokoa viazi vya Mbeya dhidi ya ugonjwa wa mnyauko, wala hakuwa na wasiwasi. Aliishi na bibi yake tu, Bibi Tumpe, na walipendana mno.

Asubuhi ya kwanza Bibi akaingia jikoni. "Wewe mke mwenzangu, bado upo tu? Umeniibia mume, sasa unanimalizia na sukari!"

"Kizee wewe, mume alikukimbia kwa kukoroma kwako," Sekela alijibu huku akimmiminia chai.

Sikio likawaka taa nyekundu. "Uhasama mkali. Wake wawili wanagombea mume mmoja."

Sekela akalieleza kwamba huo ni utani wa bibi na mjukuu, na mume mwenyewe ni marehemu babu.

"Wanagombea hata maiti," sikio likaongeza.

Ikabidi ambembeleze Bibi. "Tuache utani mwezi huu tu. Viazi vinaoza."

Bibi akakubali. Kila asubuhi akawa anasema, "Habari za leo, Daktari. Asante kwa chai." Alama zikapanda.

Fedha zikatoka, fundi akaling'oa sikio. Sekela akakimbilia jikoni akicheka. "Haya kizee, mume wako nimemchukua moja kwa moja!"

Bibi akainuka, akaweka kanga yake vizuri, akampa mkono.

"Hongera, Daktari," alisema. "Nimefurahi kushirikiana nawe."