Alama za Nyundo

"Ngoja kwanza, usikate," baba alisema, na mchomeleaji akapunguza moto wa gesi.

Nilishangaa. Tangu mkono wake wa kulia upooze, baba, fundi bodi wa kuogopwa, alikuwa anakaa tu mlangoni mwa gereji yetu kama mgeni. Na gari lililotaka kukatwa lilikuwa limetushinda kulitambua. Halikuwa na nembo wala namba, na boneti yake ilikuwa ndefu kama uso wa farasi. Kila fundi alilibatiza jina lake, na yote yalikuwa ya kubahatisha.

Baba aliingiza mkono wa kushoto ndani ya madigadi, akafumba macho.

"Mwanangu, hebu shika hapa. Unasikia nini?"

"Vibonyeo, baba. Vidogo vidogo."

"Alama za nyundo. Bodi hii haikutoka kwenye mashine. Ilipigwa na mtu, bati kwa bati. Labda hakuna gari la pili kama hili."

"Sasa tutalijuaje?"

"Kwa fundi wake. Ona, vibonyeo vyote vinalalia upande huu. Vyangu vililalia upande ule, maisha yangu yote."

Akapapasa tena, haraka zaidi, mpaka bega likazama ndani.

"Jamani! Huyu bwana alikuwa anapigia mkono wa kushoto."

Mchomeleaji alicheka. "Kwa hiyo mzee, nikate au nisikate?"

Baba alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, uliojaa kutu hadi kwenye kiwiko.

"Mwanangu," alisema, "nyundo yangu ndogo uliiweka wapi?"