Kitufe Kilichohama

"Pale chini, mama. Pembeni kabisa, mkono wa kushoto," Séverin alirudia, sauti yake laini kama ya muuguzi. "Iko kitufe pale. Kiguse."

"Kushoto hakuna kitu, mwanangu," Mama Henriette akajibu. "Iko weupe tu."

Séverin alifumba macho, akameza tusi. Wamekihamisha! Kitufe kilichokaa pembeni mwa skrini tangu yeye ni kijana anajifunza komputa Bukavu, sasa kilikuwa kimesukumwa katikati, kikabanwa na vipicha visivyo na majina. Aliijua mashine ile kama mtu anavyoijua nyumba ya mama yake. Angeweza kumwongoza mtu yeyote ndani yake kwa simu tu, chumba kwa chumba, bila kuona chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, pale katika chumba cha juu ya ghala moja la Mobeni, mtaa wa viwanda, katika joto na harufu ya mpira, yeye na wenzake kila mmoja na simu yake sikioni. Na aliifanya vizuri. Lakini siku hizi kila komputa iliyojibadilisha usiku ilimgeuza mjinga asubuhi.

"Basi tafuta katikati," akasema. "Alama ya bluu."

"Ya bluu ziko tatu."

Kinyaa kilimpanda mpaka kooni, kama aliyeuma embe akakuta funza. Nani aliwaomba hao watengenezaji wa komputa wabadilishe? Ni nani aliyewahi kulalamika kwamba kitufe kiko kushoto?

"Billy," mama akaita. Ndilo jina Séverin alilojitambulisha nalo. Mle chumbani hakuna aliyefanya kazi kwa jina la nyumbani. "Mimi si mshamba, unajua? Nilikuwa sekretari wa parokia miaka mingi. Barua za askofu zilipita mkononi mwangu. Hii komputa nilikuwa naitumia hata bila miwani. Jana naifungua, naona kama mtu ameingia kwangu usiku, akapanga sufuria zote upya. Nikasema, bon, Henriette, akili imeanza kuondoka."

 Nyuma ya sauti yake upepo wa bahari wa South Beach ulikuwa ukitikisa dirisha lake la ghorofani.

"Si wewe, mama," Séverin akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo maneno yalimtoka moyoni. "Akili yako ni nzima. Ni wao. Wanahamisha vitu ili waonekane wanafanya kazi."

"Hawana haya!"

"Hata kidogo, mama."

"Kuingia kwa mtu bila kupiga hodi!"

"Watu wachafu kabisa."

Wakacheka pamoja, kicheko cha watu wawili waliogundua kwamba wana adui mmoja. Mama akapenga kamasi.

"Mungu ndiye alikutuma," akasema. "Nilikuwa nimekaa naitazama tu, sijui nimwite nani, ndipo simu ikalia."

Walianza upya. Hatua kwa hatua alimfikisha kwenye ukurasa wa mipangilio, akamwomba atafute mahali pa kumruhusu fundi aingie kutoka mbali. Zamani palikuwa wazi, pameandikwa kwa herufi nene hata bibi kizee apaone. Mama akamsomea alichokiona: maneno membamba ya kijivu juu ya weupe, moja baada ya jingine, na lile walilolitaka halikuwemo.

"Labda wamelificha chini ya vidoti vitatu," Séverin akasema. "Juu, kulia."

"Vidoti?"

"Vidoti, mama."

"Mtu mzima anafichiwa mlango chini ya vidoti!" Mama alisonya kwa nguvu hata simu ikakwaruza. "Nimechoka, mwanangu. Binti yangu Carmel anatoka kazini jioni, ataiangalia."

"Hapana, tusimsumbue Carmel," Séverin akawahi. "Tumekaribia sana. Jaribu tu mara moja."

Alimsikia akipumua, akinong'ona, akiibofya mashine. 

"Billy? Imekuwa nyeusi. Sasa iko kiduara kinazunguka. Inasema inajisasisha tena, nisiizime."

Séverin alipiga meza kwa kiganja. Nshimirimana, msimamizi wao, alikuja akasimama nyuma yake.

"Bado uko na yuleyule?"

Séverin alifunika simu. "Wamehamisha vitu tena, shefu. Huyu ni wa nne kunishinda. Hawa watu watatuua na njaa."

"Eish. Muache. Wengine wako wanangoja."

Akairudia simu. "Pumzika, mama. Ikimaliza, nitakupigia."

"Mungu akubariki," mama akasema. "Siku hizi nani anaweza kumvumilia mzee hivi? Mama yako alikulea vizuri."

 Séverin alikata simu, akatema mate kwenye debe la takataka, lakini kile kinyaa hakikutoka. Watu wamekaa ofisi za baridi huko, wamelipwa vizuri, kazi yao ni kuvuruga kazi za wengine. Alikunywa maji, akajifuta shingo kwa leso, akabofya namba iliyofuata. Ilipopokelewa, alikohoa kidogo, akaifanya sauti yake kuwa nzito.

"Papa Ezéchiel? Habari ya asubuhi, mzee wangu. Naitwa Serge, napiga kutoka benki yako. Tafadhali usikate simu: kuna mtu anajaribu kukuibia."