Nyuki Ndani ya Bafle

Bafle, zile spika za muziki, zikaanza tena: zzzzz, kama kundi la nyuki lililofungiwa kwenye debe, na rumba yote ikazama humo.

"Chaîne ya muziki ya marehemu imezeeka, muiache!" Mama Ernestine akacheka kuliko wote. "Kunyweni, batoto!"

Saloni ilijaa vijana kumi na wawili, vitambaa vyekundu kichwani, fimbo zao zimeegemezwa mlangoni kama miavuli. Mwenze, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyeshika orodha ya mtaa. Wiki ya tatu sasa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba humu Kolwezi, wakiwatoa Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, na kuwasukuma hadi stesheni, wakalale juu ya mabegi yao kungoja treni. Hayo yalikuwa ya aliyetoka mwenyewe. Aliyekutwa mafichoni hakufika stesheni, na aliyemficha alichomewa nyumba.

Na hatua ishirini nyuma ya kiti cha Mwenze, katika boyeri, kile chumba cha mtumishi kilichoko uani, alikuwamo Ndaya, Mkasai, jirani wa miaka kumi na mitano, pamoja na watoto wake wawili.

Mama Ernestine angewakataaje wageni hawa? Nyumba hii haikupata kukaa siku moja bila watu. Ingefungwa mlango Jumapili moja tu, mtaa mzima ungeuliza kuna nini. Kwa hiyo Mwenze aliposema, "Shemeki, Jumapili tunakulia kwako," alimjibu karibuni. Kosa lake lilikuwa lingine. Nyama yake ya ng'ombe ilisemwa kwa ugumu mpaka kule mgodini Mashamba, na asubuhi Ndaya alimnong'oneza: "Yaya, dada yangu, batakucheka. Leta hiyo nyama huku, mi nakaa tu bure." Naye akapeleka: nyama, karoti, vitunguu, sufuria nzito, na resho, jiko la umeme ambalo halitoi moshi.

Bafle zikanyamaza. Zikaanza tena.

"Séraphin!" Mwenze akaita. "We fundi ao we mulaji?"

Wakaangua kicheko. Séraphin, fundi wa redio, mgane asiye na mtoto, alikuwa kwenye kona na gameli lake la mgodini, lile la bati lenye vyumba vitatu. Hakuna karamu aliyotoka bila kulijaza. Tumbo la mtu mmoja, gameli la kikosi kizima: utani huo, Mama Ernestine mwenyewe ndiye aliyeuanzisha.

Fundi akasogeza kabati, akaufuata waya kwa kidole, polepole, kando ya ukuta.

"Chaîne iko nzima, chef. Waya ya muziki imelala pamoja na waya ya courant, ya umeme. Courant mingi ikipita, bafle zinaimba."

"Courant ya nini?"

"Ya kitu ya kupasha moto." Akatega sikio. "Inapasha, inapumzika, inapasha. Resho."

Mwenze akatazama dirishani. Uani, juani, sufuria ya bukari, ugali wao, ilikaa juu ya mbabula, jiko la makaa. Hakukuwa na nyingine.

"Shemeki, si unapikia mu makala?"

Mama Ernestine akawa anajaza glasi zilizojaa tayari.

"Hii waya inaenda wapi?" Mwenze akauliza.

"Inatoka inje," Séraphin akasema. "Inaenda nyuma."

Mwenze akachukua fimbo. Fundi akainua mkono.

"Courant haijui chef. Wacha mi nitangulie."

Mama Ernestine akamfuata uani kama mtu anayesindikiza jeneza. Ufunguo ukamponyoka. Séraphin akauokota, akafungua mwenyewe. Ndaya alikuwa sakafuni, kiganja kimoja kwenye mdomo wa mtoto, kingine kwenye mdomo wa mwenzake. Séraphin akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu. Kisha akachomoa resho, akabeba sufuria, akausukuma mlango kwa kisigino ukafunga.

"Chef!" akapaza sauti. "Shemeki yako iko mwizi! Ameficha nyama mu boyeri, anataka mushibe bukari kwanza!"

Saloni ikalipuka kwa kicheko. Rumba sasa ilitoka safi kama maji ya chemchemi. Mwenze akamega bukari, akachovya, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Laini," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Ndaya," Mama Ernestine akajibu. "Zamani, mbele ya nyinyi kumufukuza."

Mwenze akachovya tena.

Jikoni, Séraphin akamfuata Mama Ernestine, akaegemeza mgongo mlangoni asipite mtu. Hapo Mama Ernestine akajua bei inakuja. Jambo kama hili halinyamaziwi bure, na huyu ameshawaona wote watatu.

"Kesho nitakuya kutenga zile waya, moja huku, moja kule," Séraphin akasema kwa sauti ya chini. "Ni kosa ya kila mutu, mu siku za kwanza."

"Unataka nini, Séraphin?"

Akamnyooshea gameli.

"Kila Jumapili, uijaze."

Mama Ernestine akaanza kupakua, nyama juu ya nyama, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, mchuzi ukimwagika kwenye vidole. Alipofikia kopo la pilipili, kama alivyozoea kumtilia, Séraphin akamshika mkono.

"Bila pilipili, mama. Bangu ba mafichoni iko batano, na mudogo hana meno bado."