Kipandauso cha Kasian

Kasian alikwisha mwonyesha mkewe mahali atakapozikwa: nyuma ya zizi, ubavuni mwa kaburi la baba yake, ambapo maji ya mvua hayatuami. Rozalia alipatazama, akaitikia, akarudi jikoni. Asubuhi iliyofuata wakapanda basi la shirika la relwe mjini Iringa, wakaelekea Mbeya.

Kichwa kilikuwa kikimtesa tangu mavuno ya mwaka juzi. Kilianza na vimulimuli mbele ya macho, mfano wa jua likicheza juu ya maji, kisha kikashika upande mmoja na kugonga mpaka akatapika. Hapo hakutaka mwanga wala sauti. Watoto walitolewa nje, kuku wakafukuzwa uani, na Rozalia akaketi naye gizani akimkanda kwa kitambaa cha maji baridi.

Dawa walizihangaikia. Mzee mmoja wa kwao alimuumika kwa pembe, akatoa damu nyeusi. Mwingine akamchanja chale kwenye panja. Walimfukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi, wakidhani ni mafua yaliyoganda. Zahanati ya misheni ilimpa kwinini, wakihisi malaria, halafu vidonge vya maumivu, Aspro. Aling'olewa hata magego, maana mtu alisema maumivu yanatokea huko. Kichwa kikarudi vilevile. Ndipo mdogo wake Didas, aliyekuwa akifanya kazi Iyunga, pembeni mwa Mbeya, akatuma salamu kwamba Mbeya yuko daktari mzungu anayejua habari za vichwa.

Kasian hakwenda kutafuta kupona. Alitaka tu aambiwe ukweli, afe ameiweka nyumba yake sawa.

Ndani ya basi aliendelea kupanga mambo. Ng'ombe mwekundu asiuzwe. Lusia, binti yao mkubwa, asiozwe kabla hajamaliza shule. Ndugu wakija kudai shamba la bondeni, wasipewe. Rozalia aliitikia kila neno. Basi lilipoanza kuyumba kwenye mashimo, alitoa kichwa dirishani akatapika, na Kasian akampapasa mgongo. Majuma hayo mkewe alikuwa akitapika kila alfajiri, na Kasian alikwisha jua kuwa ana mimba. Lilimchoma wazo la mtoto kuzaliwa hana baba.

"Ukibaki peke yako, mtegemee Didas," alimwambia. "Yule ana moyo."

"Usiseme hivyo, baba Lusia."

"Nisiposema leo, nitasema lini?"

Rozalia akafumba macho. Alikuwa amekonda sana. Huzuni ilikuwa ikimmaliza, Kasian aliliona hilo wazi, na hakujua amtulize vipi.

Kule Iyunga Didas aliwapokea vizuri. Rozalia alishika birika awamiminie wenyeji chai, akaimimina mezani, kando ya kikombe. Mke wa Didas akaanza kucheka, kisha akaacha. Kasian akawaomba wamsamehe mwenzake. Tangu yeye augue, mama huyu hajapata usingizi wa kutosha.

Kesho yake walifika hospitali ukungu ukiwa bado umeulalia mlima. Daktari aliuliza maswali mengi, na dresa mmoja, msaidizi wake aitwaye Yotamu, akawa mkalimani. Kichwa kinauma upande gani? Vimulimuli vinatangulia? Kuna mwingine katika ukoo aliyekuwa hivyo? Kasian akajibu kwamba baba yake naye alikuwa akijifungia gizani kutwa nzima, tangu ujana mpaka uzeeni. Daktari akammulika machoni kwa kitaa kidogo, akaandika, akamwambia avae shati.

Rozalia akainuka amshike mumewe mkono. Bega lake likagonga mwimo wa mlango, kana kwamba haukuwapo.

Daktari akamwambia aketi. Akammulika na yeye, jicho moja, la pili, akarudia la kwanza, akakawia. Akamtaka aguse pua kwa kidole, kisha atembee kufuata mstari wa sakafu. Kasian alitazama kwa aibu. Kumbe kichwa chake kilikuwa cha kuambukiza, na sasa walikuwa wakichungulia kama amempa mkewe.

Daktari akasema na Yotamu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Kasian akaombwa angoje nje.

Akaketi kwenye benchi, akapiga ishara ya msalaba. Saa hiyo alikuwa ameisubiri muda mrefu hata hofu ilikuwa imekwisha. Yotamu alipotoka hakusimama mbele yake kama alivyofanya kwa wagonjwa wengine; aliketi karibu naye. Kwa hilo tu Kasian akaelewa.

"Baba, mna watoto?"

"Wanne."

"Daktari anasema wakaletwe. Mapema, wakati mgonjwa bado anatambua watu."

Kasian akashukuru kwa kuambiwa kweli. Akasema yuko tayari, mambo yote amekwisha mweleza mkewe, hakuna lililobaki. Ila angeomba Didas ndiye aende Iringa kuwachukua watoto, yeye alazwe hapa na mama Lusia amuuguze, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kumkanda.

Yotamu akatoa mfukoni kipakiti cha vidonge, akakiweka kiganjani mwa Kasian na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Hivi ni vyako," alisema. "Una kipandauso. Ukiona vimulimuli, meza kimoja kwa kahawa, ukalale gizani. Hicho hakiui, utazeeka nacho. Watoto waje kumuaga mama yao."